Mwalimu wa Kwaya na Mahali Anaposimama: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili inalo neno kondakta, lakini imelipeleka kwenye basi. Kondakta kwetu ni yule anayesimama mlangoni, anayekusanya nauli na kugonga bodi ili dereva aondoe gari. Mtu anayesimama mbele ya waimbaji na kuinua mikono hatukumpa jina hilo, ingawa Waingereza huwaita wote wawili kwa neno moja. Sisi tulimwita mwalimu wa kwaya. Jina hilo halikuteuliwa na baraza lolote la lugha. Liliteuliwa na watu wenyewe, na ndani yake wameweka maoni yao juu ya kazi ilivyo: kwamba anayeongoza uimbaji hatoi amri tu ya kuanza na kunyamaza, bali hufundisha, na anayefundisha huulizwa baadaye wanafunzi wake wamebaki na nini.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi hiyo kwa macho ya uhakiki. Wahakiki wetu wameandika mengi kuhusu fani na maudhui ya riwaya, tamthilia na ushairi. Kuhusu kwaya tumeandika machache, ijapokuwa hakuna sherehe ya shule, ibada ya Kikristo wala mapokezi ya kiongozi yanayokamilika pasipo kwaya. Wageni wametutangulia: mtafiti wa Kimarekani, Gregory Barz, alitoa kitabu kizima juu ya kwaya za Tanzania mwaka 2003. Si fedheha kutanguliwa, lakini ni fedheha kubaki nyuma baada ya kutanguliwa.

Asiyeamini uzito wa jambo hili na aukumbuke Wimbo wa Taifa. Lahani ambayo mwanafunzi huiimba mstarini kila asubuhi ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini, aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya ya shule yake. Hakuwa waziri wala jemadari. Alifariki mwaka 1905, miaka hamsini na sita kabla Tanganyika haijaichukua lahani yake kuwa ya taifa huru. Basi, tunapomwona kijana amesimama mbele ya wenzake chini ya mwembe na daftari lililokunjamana mkononi, tusimdharau.

Tumechagua Nachingwea na Ruangwa kwa sababu mbili. Kwanza, tunazifahamu, utumishi wetu umetuweka katika wilaya hizo za Mkoa wa Lindi kwa miaka mingi. Pili, hapo zimekutana njia kadhaa za kuongoza uimbaji, na kila moja ingali hai. Sisi si wanamuziki wa kusomea. Elimu yetu ni ya sekondari na sanaa yetu ni ushairi. Kwa hiyo tutapima kwa sikio la mshairi, na pale sikio hilo lilipokosea tutakiri.

Mahali pa Kusimama

Njia ya haraka ya kumjua kiongozi wa uimbaji ni kutazama amesimama wapi na ameuelekeza uso wake kwa nani.

Katika ngoma za Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wa sehemu hizi, kiongozi yumo ndani ya duara. Kiswahili cha taifa humwita manju. Yeye hutoa wimbo, wenzake huitikia. Ngoma humsikiliza yeye, naye huisikiliza ngoma. Haonyeshi mapigo kwa mkono, kwa kuwa mapigo yamo miguuni mwa kila mtu. Kazi yake ni kuamua ni ubeti upi uje sasa, ni jina la nani litajwe, na ni wakati gani wimbo umechoka na ubadilishwe. Anaweza kuutoa wimbo uleule usiku mmoja kwa namna tatu, na waitikiaji wakamfuata bila kupewa notisi. Katika unyago, kungwi na manyakanga huongoza nyimbo ambazo ni darasa zima: mwali hafundishwi kwa hotuba, hufundishwa kwa kuimbishwa. Yaliyomo katika nyimbo hizo si yetu kuyaanika. Linalotuhusu hapa ni kwamba mwalimu na kiongozi wa wimbo ni mtu mmoja, na kwamba wimbo hauhesabiwi kuwa umefundishwa mpaka mwali aweze kuutoa mwenyewe.

Njia ya pili ililetwa na Uislamu. Tariqa ya Kadiria ilienea Lindi na bara yake mwanzoni mwa karne ya ishirini, na pamoja nayo ikaenea zikri. Khalifa wa zikri husimama na wenzake, si juu yao. Yeye hupanga pumzi: huanza polepole, huharakisha, hushusha, na kundi zima hupumua kama kifua kimoja. Vilevile katika kaswida za madrasa, mwanafunzi mwenye sauti thabiti hutangulia na wengine hupokea, huku dufu likishika mwendo. Tumesikia vijana wa madrasa wakitoa sauti zilizolingana kuliko kwaya zenye sare mpya, kwa sababu wamefundishwa jambo moja ambalo kwaya nyingi hulisahau, yaani kupumua mahali pamoja.

Njia ya tatu ilikuja na misheni. Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, wakiongozwa na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenedikto walijenga Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890. Vituo hivyo vilishambuliwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Kutoka huko mafundisho yalienea hadi Mnero na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa ya leo. Misheni ilileta kwaya ya sauti nne, na ikaleta pia maandishi ya do, re, mi, fa, so, la, ti, yaliyoenezwa huko Uingereza na John Curwen katika karne ya kumi na tisa. Tena ilileta mtindo mpya wa kusimama. Mwalimu wa kwaya aliwaelekea waimbaji na kuwapa wasikilizaji mgongo.

Wako wanaosema kwamba mgongo huo ndio ukoloni wenyewe. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Sauti nne zinazotembea kila moja kwa njia yake zinahitaji jicho la kuzikusanya, na mtu hawezi kukusanya asichokitazama. Maandishi ya do-re-mi nayo yalimwezesha mtoto wa mkulima asiye na kinanda kusoma lahani ambayo hajapata kuisikia; huo ni ukombozi, si utumwa. Kosa halikuwa katika kusimama huko. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba hakuna namna nyingine ya kusimama, na kwamba watu waliokuwa wakiimba kabla ya hapo hawakuwa na kiongozi. Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alijulikana kwa kuiingiza jando katika malezi ya Kikristo. Alitambua kwamba penye mila pana shule. Lakini muziki wa kanisani ulichelewa kufunguliwa mlango. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, aliandika mwaka 1963 kitabu kilichopima sheria za Kanisa Katoliki kuhusu muziki mbele ya muziki wa Kibantu, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati iliyoruhusu lugha na muziki wa wenyeji katika ibada. Ngoma ikaingia kanisani kwa mlango wa mbele.

Kambi, Chama na Shule

Nachingwea ilikutanisha watu kwa nguvu kabla haijawakutanisha kwa hiari. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msitu ulifyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara, wafanyakazi wakaja kutoka kila upande. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Reli iling'olewa, na leo Nachingwea ina kata iitwayo Stesheni isiyo na treni. Viongozi wa mpango ule walikuwa na mitambo na fedha, ila hawakuichunguza vya kutosha ardhi wala mvua. Mwalimu wa kwaya anayefika na lahani yake tayari bila kusikiliza kwanza watu wa mahali pale wanaimbaje amebeba kosa la namna hiyohiyo, ingawa hasara yake ni ndogo.

Kambi iliyofuata ilikuwa ya heshima zaidi. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza vita vya silaha tarehe 25 Septemba 1964, ilikuwa na kituo chake kikuu cha mafunzo ya kijeshi Nachingwea hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Chini ya Samora Machel, kuimba kulikuwa sehemu ya mafunzo. Hapo palikuwa na Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wanyanja, Wachangana na wengine, na kila kabila lilikuja na nyimbo zake. Fikiri, msomaji, ugumu wa kazi ya kiongozi wa wimbo katika kambi kama hiyo. Hana budi kuutoa wimbo ambao nusu ya waimbaji hawaijui lugha yake. Kiitikio kiwe kifupi, kishikike kwa kusikia mara mbili. Beti zibebe habari. Mapigo yabebe wale wasioelewa habari. Hiyo ni sanaa ya hali ya juu, na haikufundishwa katika chuo chochote cha muziki.

Kwa upande wetu, Mwalimu Nyerere alitangaza tarehe 10 Desemba 1962 kuundwa kwa wizara ya utamaduni, na katika hotuba hiyo alisikitika kwamba tulijifunza dansi za kigeni huku gombe sugu na lele mama zikiachwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shule, viwanda na majeshi viliunda vikundi vya ngoma na kwaya. Kutoka katika mkondo huo walitokea viongozi wakubwa wa kwaya za kisiasa, akiwamo Kapteni John Komba, kiongozi wa Tanzania One Theatre, aliyefariki mwaka 2015. Mkondo huo ulitupa nyimbo za kukumbukwa. Ulitupa pia ugonjwa: wimbo ulioagizwa jioni ili uimbwe asubuhi, uliojaa takwimu za risala na majina ya wageni kwa kufuata vyeo vyao. Mwalimu wa kwaya anapopewa risala na kuambiwa aitie sauti, hana tofauti na kondakta wa basi. Anakusanya nauli ya mtu mwingine.

Neno na Lahani

Tuje sasa kwenye jambo ambalo mshairi anaweza kulisema kwa kujiamini. Neno la Kiswahili lina mahali pake pa mkazo, nalo kwa kawaida ni silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno tunakushukuru. Ulimi huegemea ku ya mwisho. Lahani iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine inaweza kuweka pigo zito juu ya tu na juu ya shu, na kulipita hilo ku kama gari linavyokipita kituo kisicho na abiria. Mwimbaji anavutwa na lahani huku, na lugha yake kule. Anachofanya ni kuinyamazisha lugha. Akifanya hivyo kwa miaka mingi huzoea kuimba bila kusema, na hadhira huzoea kusikia bila kuelewa. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zina dosari hii, na watunzi wetu wengine waliozirithi wameirithi nayo, hata wanapotunga upya kwa Kiswahili.

Yako maneno ambayo mkazo ukihama, maana nayo huhama. Barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia kubwa. Yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa, bila kasoro. Walakini ni hivyohivyo: mkazo ukiwa hapa ni kiunganishi, ukiwa pale ni dosari. Somo hili hatukulipata vitabuni. Tulifundishwa na mwalimu mmoja wa kwaya, kwa gharama ya kiburi chetu.

Mwalimu huyo alikuwa kijana aliyesoma Dar es Salaam, akaimba katika kwaya ya wanachuo, kisha akapangiwa kazi katika mojawapo ya wilaya hizi mbili. Alituomba shairi la kuimbwa siku ya mahafali. Tulimpa beti nne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, na mshororo wa kwanza ulisema: Njia yetu barabara, twende sote bila woga. Tulikusudia kusema kwamba njia yetu ni sawasawa. Baada ya siku tatu alikuja ofisini na karatasi yetu mkononi. "Mzee," alisema, "shairi hili ni zuri likisomwa. Likiimbwa litaniletea kicheko." Akatuimbia. Lahani yake ilitua kwa uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ya kila kipande, kama inavyopasa, na barabara yetu ikageuka kuwa ya magari. "Watu wa Ruangwa wamesubiri lami miaka mingi," akaongeza. "Wataniuliza barabara ipi." Yeye alikuwa ameandika: Njia yetu ni imara.

Tulikasirika. Tulimwambia kwamba shairi ni mali ya mtunzi. Alinyamaza kwa adabu, akaondoka. Usiku tukaihesabu mishororo yote miwili. Mizani yake ilikuwa nane, sawa na yetu. Kina cha ra kilikuwa palepale. Maana ilikuwa ileile, tena ilikuwa imepona. Kijana huyo aliheshimu sheria zote tulizozitetea, na juu yake aliheshimu sikio la msikilizaji, ambalo sisi tulilisahau. Asubuhi tulimpelekea ujumbe kwamba aimbe kama alivyoandika.

Kutokana na tukio hilo tunatoa kigezo cha kwanza cha kumpima kiongozi wa kwaya: je, neno limefika? Sauti nne zilizolingana ambazo hakuna anayejua zimesema nini ni kazi nusu. Wako waliotuonyesha kwamba kazi nzima inawezekana. John Mgandu, aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutunga nyimbo nyingi za Kanisa, ni mmoja wao. Elimu ya juu ya muziki si adui wa lugha, mradi mwenye elimu aanze na lugha.

Usiku wa Ukumbini

Sherehe ya mahafali iliendelea hadi jioni, kama kawaida ya sherehe zetu, na kwaya iliitwa mara ya pili wakati giza limeshaingia. Mwalimu alisimama mahali pake, akiwaelekea waimbaji. Alikuwa na mikono mizuri: mkono wa kulia ulishika mapigo, wa kushoto uliita sauti moja moja, na kidole kimoja kilitosha kuishusha besi. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika.

Kwaya ilinyamaza vipande vipande. Sauti ya tatu ilikwenda peke yake maneno machache, kisha nayo ikaishiwa. Kwa muda kidogo ukumbi mzima ulikuwa gizani, na tulisikia viti vikisogezwa. Ndipo mwanafunzi mmoja wa kike, mwenyeji wa upande wa Mbekenyera, aliyekuwa mstari wa nyuma katika sauti ya pili, alianza kupiga makofi. Hakuanza na wimbo. Alianza na mapigo. Wenzake wakayapokea. Kisha akautoa wimbo uleule kuanzia mwanzo wa ubeti, lakini sasa kwa namna ya kuitikiana: yeye kipande cha kwanza, wenzake cha pili. Sauti nne zikarudi moja baada ya nyingine, kila moja ikijipatia mahali pake. Hadhira nayo ikaitikia.

Taa za jenereta zilipowaka, tulimwona mwalimu ameondoka mbele. Alikuwa amesimama mwishoni mwa mstari wa sauti ya tatu, anaimba. Hakurudi mbele mpaka wimbo ulipokwisha.

Mhakiki asiye na subira angesema kwamba hapo ngoma iliishinda kwaya. Sisi tunaona vingine. Mapigo na kuitikiana ndivyo vilivyouokoa wimbo, naam. Lakini zile sauti nne zilizorudi gizani zilirudi kwa sababu kuna mtu aliyezifundisha kwa miezi, mpaka kila mwimbaji akaijua njia yake bila kuonyeshwa. Yule binti alikuwa na elimu ya duara, na mwalimu alikuwa na elimu ya daftari. Isingetosha moja. Na uhodari wa mwalimu ulioonekana zaidi usiku ule ni kwamba alijua wakati wa kuacha kuongoza. Wako viongozi wengi ambao wangepiga kelele gizani wakitaka wasikilizwe wao.

Kigezo cha pili, basi, ni hiki: je, kwaya inaweza kuimba bila mikono ya mwalimu? Tunakitaja kwa mkazo kwa sababu siku hizi mikono ina mshindani mpya, kinanda cha umeme chenye mapigo yaliyokwisha tengenezwa. Mwalimu hubonyeza kitufe, na kwaya ya Ruangwa, ya Mbeya na ya Bukoba zote hutembea mwendo mmoja. Umeme ukikatika, hakuna makofi ya kuanzia, kwa kuwa mapigo hayakuwa ya mtu yeyote.

Uhamisho

Yafuatayo tunayasema kwa kujilaumu. Miezi michache baada ya mahafali yale, barua ya uhamisho wa mwalimu huyo ilipita mezani petu. Ilikuwa barua halali. Kulikuwa na upungufu wa walimu mahali pengine, na somo lake la darasani lilihitajika huko. Hakuna fomu ya utumishi yenye mstari unaouliza: je, mtumishi huyu anaongoza kwaya? Tuliigonga mhuri pamoja na nyingine za siku ile. Tungeweza kuandika dokezo la kuomba apewe muhula mmoja wa kumwandaa mrithi. Hatukuandika, kwa kuwa halikutujia akilini kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ni kuondoka kwa waimbaji arobaini.

Mwaka uliofuata tulialikwa tena. Kwaya haikuwapo. Kidato cha juu kilikuwa kimemaliza, yule binti wa Mbekenyera akiwa miongoni mwao, na waliobaki walijua viitikio tu. Tuliuliza habari za daftari la nyimbo. Lilipatikana stoo, chini ya majembe, mchwa wamekula nusu yake. Wimbo wetu ulikuwa katika nusu iliyoliwa. Mahadhi yake tunayakumbuka. Sauti ya pili na ya tatu hatuzikumbuki, na wala hatujui ni nani anayezikumbuka.

Hapa ndipo kwaya za vyuo vikuu zinapoweza kutufunza. Shahada nyingi huchukua miaka mitatu. Kila mwaka theluthi ya waimbaji, tena walio bora, huondoka. Kwaya ya wanachuo inayotegemea kiongozi mmoja haiwezi kumaliza muongo. Kwa hiyo iliyodumu ni ile iliyojifunza kurithishana: ina mwalimu na wasaidizi wake, ina mtunza nyimbo, kila sauti ina kiongozi wake, na aliyeko mwaka wa kwanza hupewa wimbo mmoja auongoze huku mkubwa wake akiwa bado yupo wa kumsahihisha. Uchache wa muda umewafundisha jambo ambalo shule zetu, zenye walimu wa kudumu kwa jina tu, hazijajifunza. Na tukitazama vizuri tutaona kwamba ndivyo unyago ulivyofanya tangu kale: wimbo haujafundishwa mpaka mwali autoe mwenyewe. Kigezo cha tatu ni hicho, nacho kwa maoni yetu ni kikubwa kuliko viwili vilivyotangulia: je, amebaki nani?

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Nachingwea na Ruangwa kiongozi wa uimbaji amesimama mahali pengi: ndani ya duara, katika safu ya zikri, mbele ya sauti nne, katikati ya wapiganaji wa lugha mbalimbali. Hatuna sababu ya kumfunga mahali pamoja. Tunamtaka ajue mahali pote na achague kwa kufuata wimbo.

Kwa walimu tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fungu la serikali. Someni shairi kwa sauti kabla ya kulitungia lahani, na mweke alama chini ya silabi zenye mkazo. Zimeni mikono yenu mara moja katika kila mazoezi, mwone kwaya itafika wapi. Nakilini daftari la nyimbo mara mbili, moja likae maktaba. Msidharau do-re-mi, nyimbo nyingi za babu zetu zimepotea kwa sababu hakuna aliyeziandika, na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inaweza kuhifadhi kwa dakika tatu kile ambacho mchwa atakimaliza kwa masika moja. Wenye nia ya kusoma zaidi wanazo njia: Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimeandaa walimu wa muziki, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinaufundisha kwa kiwango cha shahada.

Kwa wanafunzi tunasema: msingoje kuitwa walimu ili mjifunze kuutoa wimbo. Yule binti hakungoja.

Na kwa sisi tulio nyuma ya meza, ambao barua hupita mikononi mwetu, hatusemi uhamisho ukome. Taifa ni moja, na walimu ni wa taifa zima. Tunasema mhuri usipigwe kabla ya kuuliza ni nani atakayeshika daftari. Swali hilo ni la dakika moja. Sisi tulikosa kuliuliza, na wimbo mmoja haupo.